Je, Wajua? Safari ya Kutoka 300 Hadi 850

Waswahili husema kukopa harusi, kulipa matanga. Sawa, lakini matanga nayo huanuliwa: siku hufika mikeka ikakunjwa na watu wakarudi makazini. Safari hii tunawatazama waliokwisha kukunja mkeka wao, yaani watu waliofilisika kisheria, wakakiri mbele ya mahakama kwamba hawana cha kulipa, kisha wakarudi mtaani kutafuta kuaminiwa tena. Tutakaa zaidi Marekani, ambako jambo hili limepewa namba, sheria na kalenda yake, ila njiani tutachungulia Nairobi, Kilwa na hata Misri ya kale.

Ndani ya neno "kufilisika" kuna sarafu ya shaba

Kwa Kiarabu, sarafu ndogo ya shaba iliitwa fals, na zikiwa nyingi ni fulus. Ndizo fulusi walizozitaja wazee wetu. Mabingwa wa lugha hiyo hueleza kwamba muflis ni mtu ambaye dirhamu zake za fedha zimegeuka fulus: jana alihesabu fedha, leo anahesabu shaba. Masultani wa Kilwa nao walipiga sarafu zao za shaba, kwa hiyo mtu wa pwani aliyesikia neno hili alijua vizuri uzito wake mfukoni. Waitaliano walipita njia nyingine. Wao walisema banca rotta, benchi lililovunjika, yaani benchi la mbadili fedha sokoni, na ndilo lililozaa neno wanalotumia Waingereza. Mimi naona la kwetu ni la huruma zaidi, maana linamwachia mtu angalau shaba.

Mwasisi wa biashara ya kupima uaminifu wa wakopaji aliwahi kuanguka mwenyewe

Lewis Tappan aliuza hariri New York pamoja na kaka yake Arthur, mpaka mgogoro wa fedha wa mwaka 1837 ulipoisomba biashara yao. Mwaka 1841 akaibuka na bidhaa isiyohitaji ghala, nayo ni habari. Nani hulipa kwa wakati? Nani amezidi kunywa? Nani ana shamba, na nani ana maneno tu? Alitandaza waleta habari katika miji ya mbali, wengi wao wanasheria, na wenye maduka New York wakalipia kusoma madaftari yake kabla ya kumkopesha mgeni.

Mmoja wa waleta habari hao alikuwa mwanasheria wa Illinois aitwaye Abraham Lincoln. Naye hakuwa mgeni wa madeni. Duka lake la kijijini New Salem lilikuwa limekufa, likamwachia mzigo alioutania kwa kuuita "deni la taifa", na ulimchukua miaka mingi kuumaliza.

Sasa ongeza hili: Tappan ndiye aliyeongoza uchangishaji wa fedha za kuwatetea Waafrika wa meli Amistad, waliojikomboa baharini mwaka 1839 na kuachiwa huru na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1841, mwaka uleule aliofungua ofisi yake. Ofisi hiyo ilikua ikawa Dun & Bradstreet. Jina hilo limefika hadi Dar es Salaam, kwani lilikuwa miongoni mwa yale ya kwanza kupewa leseni na Benki Kuu ya Tanzania kukusanya taarifa za wakopaji.

Huwezi kupata sufuri hata ukijitahidi

Alama ya FICO, namba inayotazamwa na wakopeshaji wengi wa Marekani, huanzia 300 na kuishia 850. Hata aliyeharibu kila kitu hawezi kushuka chini ya 300! Kampuni iliyoibuni ilianzishwa mwaka 1956 na mhandisi Bill Fair na mwanahisabati Earl Isaac, kila mmoja akitia dola 400, ila alama yenyewe tunayoijua leo ilitoka mwaka 1989. Kwa maneno mengine, ni changa kuliko watu wengi inaowahukumu. Kenya nako kampuni ya Metropol ina kipimo chake, kuanzia 200 hadi 900.

Alama hiyo ina mapishi, na mapishi si siri

Tuseme ni kilo moja ya pilau. Gramu 350 ni mchele: je, umelipa kwa wakati? Gramu 300 ni nyama: unadaiwa kiasi gani ukilinganisha na kiwango ulichoruhusiwa? Gramu 150 ni kitunguu, yaani umri wa akaunti zako. Zinazobaki zimegawanywa sawasawa, 100 za mikopo mipya uliyoomba na 100 za mchanganyiko wa aina za mikopo uliyo nayo.

Aliyefilisika hawezi kuharakisha kitunguu, hakuna la kufanya ila kusubiri kiive. Lakini mchele na nyama, gramu 650 kati ya 1,000, anaweza kuanza kuvishughulikia mwezi huuhuu. Na mshahara? Haumo. Mwenye mamilioni na mwuza duka hupikiwa katika sufuria moja.

Doa la kufilisika lina tarehe yake ya kufa

Sheria ya Marekani ya mwaka 1970 kuhusu taarifa za wakopaji inasema habari ya kufilisika isibaki katika kumbukumbu kwa zaidi ya miaka 10. Aliyefuata Sura ya 7 ya sheria ya ufilisi, ambayo mfilisi huuza mali isiyolindwa na sheria na sehemu kubwa ya madeni ikafutwa, hubeba doa hilo miaka 10 kamili tangu siku ya kufungua shauri. Aliyefuata Sura ya 13, akalipa kidogokidogo kwa miaka 3 hadi 5, kwa desturi huondolewa baada ya miaka 7. Mtoto aliyezaliwa siku baba yake alipofungua shauri la Sura ya 7 atakuwa darasani anajifunza sehemu na desimali siku karatasi ya baba itakapokuwa safi.

Sheria hiyo ilikuja kwa sababu. Kampuni iliyokuwa ikiitwa Retail Credit, iliyoanzishwa Atlanta mwaka 1899, ilikuwa imekusanya hadi umbeya wa ndoa na tabia za watu. Mwaka 1975 ikabadili jina, na leo unaisikia kama Equifax.

Wapo ambao alama yao hupanda baada ya kufilisika

Nilidhani ni kosa la uchapaji nilipolisoma mara ya kwanza. Watafiti wa tawi la benki kuu ya Marekani mjini Philadelphia waliwatazama watu walioingia Sura ya 7, wakakuta wastani wa alama zao ulikuwa takriban 538 wakati wa kufungua shauri, na takriban 620 baada ya mahakama kufuta madeni.

Sababu yake ni ya kawaida tu. Anayefika mahakamani huwa tayari ameshagusa chini: malipo yamepitwa, kadi zimejaa, simu za wadai hazinyamazi. Deni likifutwa, ile nyama ya pilau yetu hupona ghafla. Tena kuna hesabu nyingine ya kichinichini. Aliyefutiwa chini ya Sura ya 7 hawezi kufutiwa tena kwa njia hiyo mpaka ipite miaka 8 tangu alipofungua shauri la kwanza, na wakopeshaji wanalijua hilo. Ndiyo maana sanduku la barua la mtu aliyetoka mahakamani juzi linaweza kujaa matangazo ya mikopo ya magari. Riba yake, bila shaka, ni ya kukata maini.

Kuna kadi ambayo mkopeshaji ni wewe mwenyewe

Unaipa benki dola 300 zako zikae kama dhamana. Benki inakupa kadi yenye kiwango cha dola 300. Ndiyo hivyo! Umekopeshwa kivuli chako. Lakini kompyuta za taarifa za mikopo huona kadi ya mkopo kama nyingine, na kila mwezi unaolipa huandikwa kwa jina lako. Ukienda vizuri, baada ya muda dhamana hurudishwa na kadi ikaendelea.

Mtego uko katika kiasi. Tia mafuta ya gari ya dola 25 kwa mwezi, ulipe yote, na umetumia kama asilimia 8 tu ya kiwango. Nunua runinga ya dola 290 kwa kadi hiyohiyo, nayo ulipe yote, na bado unaweza kushuka. Kampuni nyingi za kadi hupeleka taarifa siku hesabu ya mwezi inapofungwa, kabla hujalipa, na siku hiyo kompyuta inaona mtu aliyekausha karibu asilimia 97 ya alichopewa. Hukufanya kosa lolote, ila umepigwa picha ukiwa umefungua mdomo.

Upatu umeingia kwenye kompyuta za Marekani

Upatu, mchezo, chama: kila mtaa wa Afrika Mashariki una jina lake, na kila mama anajua kanuni. Mnachanga, mmoja anachukua, mnazunguka. Mjini San Francisco shirika la Mission Asset Fund liliona wahamiaji kutoka Amerika ya Kusini na ya Kati wakifanya jambo hilohilo, wakilipana bila kukosa huku benki zikiwaona kama watu wasio na rekodi yoyote. Likatoa karatasi ya kusaini, likaweka riba kuwa sufuri, na likaanza kupeleka kila mchango kwa kampuni za taarifa za mikopo.

Benki nyingine zina toleo la peke yako, liitwalo mkopo wa kujenga rekodi. Unalipa kila mwezi kwanza, na fedha zenyewe unazipata mwishoni. Mcheza upatu atauelewa mara moja: ni kuwa wa mwisho kupokea, kila mzunguko, na kijumbe ni benki.

Tiketi ya ndege ya mkimbizi huwa mkopo wake wa kwanza

Maelfu ya Wakongo waliohamishiwa Marekani kutoka kambi za Afrika Mashariki walitua wakiwa tayari na deni. Tiketi zao zilikatwa kwa mkopo usio na riba wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, na kwa kawaida marejesho huanza miezi sita hivi baada ya kufika. Marejesho hayo huripotiwa kwa kampuni za taarifa za mikopo. Kwa hiyo mama aliyetoka kambi ya Nyarugusu, ambaye hajawahi kushika kadi ya benki, anaweza kupata alama yake ya kwanza kwa kulipa kidogokidogo safari ya angani. Aliyefilisika huanza na historia mbaya, mgeni huyu huanza bila historia yoyote, na mara nyingi wote wawili husimama mbele ya dirisha lilelile wakiomba kadi ileile ya dola 300.

Mtu mmoja kati ya watano alikuta kosa

Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliripoti mwaka 2013 kwamba mlaji mmoja kati ya watano alikuwa na kosa katika angalau moja ya taarifa zake tatu za mikopo. Daladala ya abiria 15 ingekuwa na watatu wa namna hiyo, kabla hata kondakta hajaongeza wa kusimama.

Kwa aliyefilisika, hapa pana jambo la kutazamwa kwa tochi. Deni lililofutwa na mahakama linatakiwa lisomeke salio sufuri. Likisomeka kama bado linadaiwa, mtu anaadhibiwa kwa mzigo ambao hauko tena kichwani pake. Taarifa zenyewe hupatikana bure, na kujiangalia mwenyewe hakupunguzi hata alama moja, ingawa watu wengi huogopa kama wanaoogopa kupanda mizani.

Yapo madeni yanayovuka mahakama yakiwa hai

Matunzo ya watoto. Kodi nyingi za karibuni. Faini. Mikopo ya masomo, isipokuwa kwa nadra sana. Mahakama ya ufilisi hufuta bili ya hospitali na kadi zote za dukani, lakini haya huyapisha mlangoni kama wageni waalikwa. Ndiyo sababu mtu anaweza kutoka amefutiwa na bado akawa na barua ya deni mezani.

Mark Twain aliizunguka dunia kulipa madeni ambayo hakulazimika kuyalipa

Mwandishi huyo wa Marekani alitia takriban dola 300,000 katika mashine ya kupanga herufi za uchapaji iliyokuwa na vipande vipatavyo 18,000, na iliyoharibika mara kwa mara. Kampuni yake ya uchapishaji ndiyo iliyotoa kumbukumbu za maisha za Rais Ulysses Grant, ambaye naye alipoteza kila kitu mwaka 1884 kwa utapeli wa mshirika wake, akaandika kitabu akiwa anakufa kwa saratani ya koo ili familia isibaki mikono mitupu. Mjane wake alipokea hundi ya dola 200,000. Kampuni iliyookoa nyumba ya Grant ikaanguka yenyewe mwaka 1894, na Twain akiwa na miaka 58 akajikuta na wadai wapatao mia moja.

Sheria ingemruhusu awape senti kadhaa kwa kila dola na kwenda zake. Akakataa. Julai 1895 alianza safari ya kuchekesha watu kwa viingilio: Australia, New Zealand, Ceylon, India, kisha akaikata Bahari yetu ya Hindi kupitia Mauritius hadi Afrika Kusini. Msimamizi wa fedha zake alikuwa Henry Rogers, tajiri wa mafuta wa Standard Oil, aliyehakikisha mzee huyo hashiki hundi nyingine ya mashine. Mwaka 1898 wadai wote walikuwa wamelipwa kikamilifu. Kitabu cha safari hiyo alikiita Following the Equator, yaani kuifuata ikweta, ingawa tarishi wa wadai angeweza kukipa jina lingine.

Baba wa Robinson Crusoe alifilisika kwa pauni 17,000

Daniel Defoe, mwandishi wa riwaya hiyo, alianguka mwaka 1692 na akaendesha kampeni ya kalamu kutaka sheria iwe na huruma. Bunge la Uingereza likapitisha mwaka 1705 sheria iliyoruhusu, kwa mara ya kwanza, mfanyabiashara aliyesema kweli afutiwe deni. Aliyeficha mali je? Kitanzi! Defoe alikuwa na miaka 59 hivi Crusoe alipotoka mwaka 1719, hadithi ya mtu aliyepoteza shehena yote akaanza upya kwa kuhesabu misumari.

Nyumba inaweza kuja kabla doa halijaondoka

Mikopo ya nyumba inayodhaminiwa na wakala wa serikali ya Marekani, FHA, humruhusu mtu kuomba miaka 2 tu baada ya kufutiwa madeni chini ya Sura ya 7, ikiwa amejenga rekodi nzuri. Doa litakuwa bado lina miaka kama 8 ya kuishi, ila litakuwa linaishi ndani ya nyumba yenye bustani.

Nairobi, shilingi 1,000 ina mpaka wake

Simu iliwapa Wakenya mkopo kwa dakika, na kwa dakika hiyohiyo ikawapa nafasi ya kuingia CRB, yaani kumbukumbu za kampuni za taarifa za mikopo. Kuna walioorodheshwa kwa deni lisilofika bei ya chakula cha mchana. Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya ikasema anayedaiwa chini ya shilingi 1,000 asipelekwe huko. Novemba 2022 ikafungua mlango mpana zaidi: wenye mikopo ya simu iliyokwama, watu zaidi ya milioni 4, wapunguziwe angalau nusu ya deni na kupewa miezi ya kulipa salio. Milioni 4 ni karibu idadi ya wakazi wa jiji zima la Nairobi.

Na kwa aliyeanguka kabisa, Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 ina utaratibu wa mtu asiye na mali. Kama deni lake liko kati ya shilingi 100,000 na milioni 4, na hana kitu cha kuuzwa, anaweza kufutiwa baada ya miezi 12. Ubunge asubiri. Katiba haimruhusu aliyefilisika na bado hajaachiliwa na mahakama kugombea kiti hicho.

Rais mstaafu alikula chakula gerezani kwa mdeni wa heshima

Robert Morris alitafuta fedha za jeshi la George Washington wakati wa vita vya uhuru, akatia saini Azimio la Uhuru, kisha akazama katika biashara ya ardhi. Mwaka 1798 akafungwa kwa madeni mjini Philadelphia. Washington, aliyekuwa ameshastaafu urais, alimtembelea na kula naye humohumo gerezani. Bunge likapitisha sheria ya kwanza ya ufilisi ya taifa hilo mwaka 1800, na mwaka uliofuata Morris akatoka nje.

Msamaha wa madeni umechongwa kwenye jiwe mashuhuri kuliko yote

Jiwe la Rosetta, lililowapa wataalamu ufunguo wa kusoma maandishi ya kale ya Misri, ni tangazo la mwaka 196 kabla ya Kristo la makuhani wakimsifu mfalme kijana Ptolemaio wa Tano. Miongoni mwa wema wake waliouorodhesha ni kwamba aliwasamehe watu madeni waliyodaiwa na taji na kuwafungulia waliokuwa kifungoni. Habari hiyo waliiandika mara tatu, kwa maandishi matatu tofauti, mdeni yeyote asije akasema hakuelewa.